Majibu ya Mama Scholastique

Kufikia saa tisa alasiri Adeline Katungu alikuwa amekwisha kuwatembelea wadeni wote wa Ijumaa ile isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa amejificha. Alijua amejificha kwa sababu redio ilikuwa ikisema ndani ya nyumba, na alipobisha hodi redio ikanyamaza. Alisimama kidogo mlangoni, mkoba begani, vumbi la mtaa wa Mbunya likiwa limempanda mpaka magotini. Zamani angebisha tena, angeita kwa jina, angezunguka nyuma ya nyumba akasalimie watoto. Siku hiyo aligeuka tu akaenda zake. Hata hasira hakuwa nayo.

Alikuwa wakala wa mikopo katika shirika dogo la akiba, karibu na soko kuu la Bunia. Kazi hiyo aliianza binti yake Orly akiwa bado anatambaa, na sasa Orly alikuwa amemaliza sekondari na alitaka kusomea uuguzi. Miaka yote hiyo Adeline alikuwa akiingia nyumba za watu, akiketi kwenye viti vyao, akiwauliza mambo ambayo hata shemeji hathubutu kuuliza. Miguu ilimvimba jioni. Moyo nao ulikuwa umevimba kwa namna yake, ila huo hakuwa na mahali pa kuukanda.

Alizaliwa Butembo, katika nyumba ya wafanyabiashara wa maharagwe, akaja Bunia na mumewe Kule wakati watu wengi wa kwao walipokuwa wakija kufungua maduka. Kule aliuza misumari na vyuma vya baiskeli. Alikuwa mtu wa vicheko, mtu wa kupanga mambo kwa sauti kubwa majirani wasikie: mwaka huu tunanunua kiwanja, mwaka ujao tunasimamisha matofali, mwaka wa tatu tunaezeka. Kiwanja walinunua. Matofali yakafika kimo cha madirisha. Halafu siku moja Kule akapanda lori kwenda Beni kufuata bidhaa, na lori lile likashambuliwa mbele ya mji wa Komanda. Alizikwa huko huko pamoja na wengine. Adeline alipata habari kwa simu akiwa kazini, mteja ameketi mbele yake, na baada ya kuiweka simu chini alimwambia yule mteja, "Samahani, tuendelee," wakaendelea kwa muda kabla mwili wake haujaelewa. Tangu hapo nyumba ilibaki na kuta nusu. Yeye na Orly walipanga vyumba viwili jirani na kiwanja chao wenyewe, na neno "mwaka ujao" halikutoka tena kinywani mwake.

Ofisini alisifiwa kwa jicho lake. Waliokuwa na kiwanja chenye hati, jamaa wa kuwadhamini na mlango usiobadilika kila baada ya miezi michache, hao aliwapendekeza. Wengine aliwarudisha. Hivyo ndivyo alivyomrudisha Scholastique mara mbili.

Scholastique alikuwa mjane wa rika lake, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Alitoka upande wa Djugu, katika ukoo wa wafugaji. Ng'ombe wote walichukuliwa asubuhi moja na nyumba ikachomwa jioni yake. Akakaa kwanza kwenye mahema ya wakimbizi, kisha akapanga chumba katika mtaa wa Mudzipela na kuanza kuuza samaki wa chumvi kutoka Kasenyi, kule chini ziwani. Alikuwa akinunua kidogo kwa akina mama waliotangulia, akiwalipa zaidi ya bei ya ufukoni. Alitaka mtaji ashuke ziwani mwenyewe. Hakuwa na hati, hakuwa na mdhamini.

"Mama, miye sikukatalii juu ya ubaya," Adeline alimwambia mara ya pili. "Lakini weye uko hapa leo. Vita ikisogea kidogo, kesho utaamka uko Uganda. Nitakufuata na nini?"

Scholastique alitazama mikono yake. "Ni kweli," akasema. "Naweza amka Uganda." Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani, akaaga, akaondoka. Adeline alikumbuka jibu lile kwa siku kadhaa, kwa sababu wengine wote walikuwa wakiapa kwamba hawataondoka.

*

Mwanzoni mwa mwaka akaja Fanny. Alitumwa na makao makuu kutoka Goma, msichana wa miaka kama thelathini, aliyesomea saikolojia Kisangani, mwenye viatu vyepesi na tableti tatu ndani ya begi. Hubert, mkuu wa tawi, aliwakusanya mawakala wote na kumpa nafasi aeleze.

Fanny alieleza bila majivuno. Shirika linawakopesha wenye hati na wadhamini, alisema, na wenye hati na wadhamini ni wachache. Nusu ya mji huu imekimbia kutoka mahali fulani na karatasi zao zimeungua. Lakini mtu aliyepoteza karatasi hajapoteza tabia. Kuna watu wanaojizuia na wasiojizuia, wanaomaliza jambo na wanaoliacha njiani, wanaoona maisha yao yanatoka mikononi mwao na wanaoona wanasukumwa tu. Mambo haya yanaweza kuulizwa na kupimwa, na katika nchi nyingine imeonekana kwamba yanasaidia kubashiri nani atalipa.

"Haisemi ukweli wote," Fanny alisema. "Inasaidia tu. Ni kama kuongeza dirisha ku nyumba."

"Na kama mutu anadanganya?" aliuliza Vital, wakala mwenzake Adeline.

"Kuna maulizo ya ndani yenye kuangalia ile."

Moja ya maswali hayo lilisema: Sijapata kusema uongo hata siku moja. Katika wiki ya kwanza mashemasi wawili na mwalimu wa kwaya walikubali kwamba ni kweli tupu, na mashine ikawashusha alama wote watatu. Vital alicheka mpaka akatoka nje. Adeline alitabasamu, basi.

Scholastique aliitwa arudi. Hakujua kusoma Kifaransa, na Kiswahili cha maandishi kilimchosha, kwa hiyo Adeline alimsomea swali moja moja na kumgusia majibu kwenye kioo, Fanny akiwa amekaa kando akisikiliza.

"Mambo yenye kunipata yanatoka kwa matendo yangu. Ndiyo ao apana?"

Scholastique aliirudia sentensi ile kwa sauti ya chini.

"Kuchoma nyumba yangu haikutoka kwangu," akasema hatimaye. "Na ng'ombe haikutoka kwangu. Lakini kuamuka asubui, kuosha uso, kwenda soko, ile inatoka kwangu. Sasa nijibu nini?"

Adeline alimtazama Fanny. Fanny akasema kwa upole, "Mama, chagua yenye inakukalia karibu zaidi."

"Basi andika ndiyo. Ile ingine siko nayo tena, imekwisha pita."

Ukipewa pesa kidogo leo au zaidi mwezi ujao, unachagua nini? Mwezi ujao. Ukianza jambo unalimaliza? Nalimaliza, labda miguu ikatae. Watu wengi ni wa kuaminiwa? "Wengi ndiyo. Wabaya ni kidogo, lakini wako na bunduki." Na lile la uongo lilipofika, alicheka kwa mara ya kwanza, akafunika mdomo.

"Apana! Nilidanganya leo asubui. Nilisema samaki ya juzi ni ya jana."

Matokeo yakatoka kijani, si njano ya kusita wala nyekundu ya kukataliwa. Adeline aliangalia rangi ile kama mtu aliyepewa chenji zaidi ya haki yake. Si kwamba alimchukia yule mama, hapana. Ila kama mashine ilisema kweli, basi watu wangapi aliwarudisha kwa miaka yote ile, wakiwa kijani chini ya vitambaa vyao, kwa sababu tu nyumba zao ziliungua? Alitia sahihi yake chini ya mkopo. Wiki ile ile Scholastique alishuka Kasenyi.

Miezi mitatu alilipa kabla ya tarehe. Alikuwa akija na harufu yake ya samaki, anaweka pesa mezani, anauliza habari za Orly, anaondoka.

*

Mwezi wa tano Orly alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Ilihitajika ada ya mwaka, sare, vitabu na pesa za mazoezi hospitalini, na mshahara wa Adeline haukuweza kuvibeba vyote. Aliomba mkopo wa wafanyakazi, kama alivyowahi kuomba zamani pamoja na Kule kwa ajili ya matofali. Hubert akajikuna shingo.

"Mama Adeline, kuanzia huu mwaka hata siye wafanyakazi tunapita ku tableti. Ni amri ya Goma. Lakini kwako ni formalité tu. Kaa pale, dakika kidogo, imeisha."

Ilikuwa jioni ya siku ya soko. Adeline aliketi, akavua viatu chini ya meza, akaanza kujibu. Maswali aliyajua kama sala. Alikuwa ameyasoma kwa wauza mafuta, kwa washonaji, kwa waendesha pikipiki. Lakini hakuwahi kuyasikia yakimuuliza yeye.

Mambo yenye kunipata yanatoka kwa matendo yangu. Alifikiria lori. Akagusa hapana.

Najua ninavyotaka maisha yangu yawe baada ya miaka mitano. Hapana.

Watu wengi ni wa kuaminiwa. Akamwona yule wa redio, na wengine kabla yake, milango yote iliyonyamaza. Hapana.

Asubuhi naamka nikiwa na hamu ya kazi. Kidole kilikaa juu ya kioo bila kugusa. Halafu kikagusa hapana, na alipofika mwisho alijibu kweli hata kwa swali la uongo.

Matokeo yakatoka mekundu.

Fanny ndiye aliyeyaona kwanza, na uso wake ulibadilika kabla hajaweza kuuzuia. "Mama, umefanya ukiwa umechoka," alisema haraka. "Ile inaharibu majibu. Sheria ni kungoja miezi tatu, halafu unarudilia."

"Shule ya mutoto inafungua mwezi wa kumi, na inscription, kuandikisha jina, iko sasa."

"Najua, mama."

"Niambie kitu, mutoto yangu." Adeline alikuwa anatafuta viatu vyake kwa vidole vya miguu. "Hii rangi inasema nini? Inasema miye ni mwizi?"

"Apana! Haisemi vile hata kidogo. Inasema..." Fanny alitafuta neno. "Inasema mutu mwenye kujibu vile, mara mingi anaachilia. Si juu ya ubaya. Ni juu haoni mbele yake kitu cha kumuvuta."

Adeline aliitikia kwa kichwa. Hakuona aibu, na hilo ndilo lililomshangaza. Aliona tu kwamba kuna mtu hatimaye amemtazama usoni akamwambia jambo analolijua. Alichukua mkoba wake, akawaaga, akatembea mpaka nyumbani badala ya kupanda pikipiki. Orly alikuwa anasonga ugali. Alimuuliza mambo yamekwendaje, na mama yake akasema, "Bado wanaangalia."

Kesho yake Hubert alimwita ofisini, akafunga mlango. Hubert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa mizozo, mwenye watoto sita na shati jeupe kila siku.

"Nimeifuta," alisema. "Niliandika ku système kama umeme ulikatika katikati, jaribio haikuisha. Fungua tena, jibu vizuri. Weye ndiye unajua maulizo kushinda siye wote."

"Shefu, ile ni uongo."

"Mama Adeline, mashahara yako inapita mikononi mwangu. Nitakata pesa mbele hujaiona. Utakosa kulipa namna gani? Hii kitu ilitengenezwa juu ya wateja, batu ya inje, si juu yako."

Akatoka, akamwacha peke yake na tableti.

Adeline alikaa pale akisikia vishindo vya soko upande wa pili wa ukuta. Alijua majibu mazuri ni yapi. Kila wakala aliyajua. Lakini alipojaribu kujifanya mtu mwenye hamu, kila sentensi ilimkataa. Hakujua mtu wa namna hiyo anaonekanaje akiwa Adeline. Ndipo ikamjia sauti ya Scholastique, ya chini, ya kufikiri. Mambo yenye kunipata yanatoka kwa matendo yangu. Andika ndiyo, ile ingine imekwisha pita. Akagusa ndiyo. Na lililofuata alilijibu kama Scholastique, na lililofuata tena. Watu wengi ni wa kuaminiwa: ndiyo, wabaya ni kidogo. Nikianza jambo nalimaliza, labda miguu ikatae. Alipofika kwa swali la uongo alijibu kwamba amewahi kudanganya, na hilo lilikuwa lake mwenyewe.

Kijani. Karibu kijani ile ile.

Mkopo ukatoka wiki iliyofuata. Orly alirukaruka uani kama mtoto mdogo, akamkumbatia mama yake, na Adeline akamshika kichwa, akanusa mafuta ya nywele zake, akawaza kwamba furaha ile imenunuliwa kwa moyo wa mwanamke mwingine ambaye hata hakuulizwa.

*

Mwezi wa saba barabara ya Kasenyi ikafungwa. Risasi zilisikika chini ya mlima siku kadhaa, watu wakaanza kupanda na magodoro vichwani, malori ya samaki yakakoma. Sokoni meza za samaki zikabaki na chumvi tupu. Wateja wa Adeline wakaanza kuchelewa mmoja baada ya mwingine, wa kijani na wa njano, wenye hati na wasio na hati. Kila Jumatatu Hubert alisoma majina ya waliochelewa, na kila Jumatatu orodha iliongezeka. Jina la Scholastique likaingia. Sokoni hakuonekana tena.

"Yule amesha vuka Uganda," Vital alisema. "Si uliniambiaka?"

Adeline alichukua mkoba wake. Alipanda pikipiki mpaka Mudzipela, akashuka mahali ambapo njia ilikuwa imeharibiwa na mvua, akaenda kwa miguu. Njiani alitayarisha maneno, yale yale aliyokuwa akiyasema kwa miaka yote, na kila neno lilikuwa na ladha ya karatasi.

Mlango ulikuwa wazi. Scholastique alikuwa amelala juu ya mkeka mchana kweupe, kitambaa kimemtoka kichwani, nywele zimeingia mvi kuliko alivyodhani. Hakuwa na homa. Alifungua macho, akamwona mgeni, akajaribu kuinuka.

"Karibu, mama. Ile stuli, kaa. Sina kitu."

"Najua."

"Sisemi sina ya leo. Sina." Alijiegemeza ukutani. "Mara ya mwisho nilishuka, nikanunua, nikapakia. Batu wakaanza kukimbia, chauffeur akatupa mizigo yote pembeni ya njia juu apakie batu. Sikumukatalia. Nilitupa hata miye yangu moja kwa mukono yangu." Akaokota kitambaa chake. "Toka ile siku naamuka, naosha uso, narudia kulala."

Adeline aliketi. Kwa kanuni ilimpasa sasa kuuliza ni lini, ni kiasi gani, nani anaweza kusaidia. Badala yake akasikia mdomo wake ukisema jambo jingine.

"Mama Scholastique, niko na maneno ya kukuambia, na si ya kazi ya bureau."

Akamweleza. Alieleza polepole, rangi nyekundu, jaribio lililofutwa, ada ya Orly, na jinsi alivyojibu kila swali kwa sauti ya mwenzake. Aliposema lile la samaki wa juzi na jana hakuweza kumtazama.

Scholastique alisikiliza mpaka mwisho. "Kumbe ulinibeba mpaka mule ndani," akasema.

"Nilikuibia."

"Mutu anaiba kitu, mwenyewe anabakia bila nacho." Alifikiri. "Lakini sasa ni kweli, sinacho. Ungeniuliza leo yale maulizo, ile mashini yako ingetoka damu."

Wakatazamana. Scholastique ndiye aliyeanza kucheka, kicheko kikavu kisicho na nguvu, na Adeline akafuata, na ghafla kicheko chake kikageuka kuwa kitu kingine, akaficha uso ndani ya mikono. Hakuwa amelia mbele ya mtu tangu mwaka aliofiwa. Scholastique hakumwambia anyamaze. Alisogea kwenye mkeka mpaka akamfikia, akaweka mkono juu ya goti lake lenye vumbi, akauacha pale.

"Mutoto anasoma?" aliuliza baadaye.

"Anasoma. Mwezi wa kumi anaanza."

"Basi ni vizuri. Nikiugua atanichoma sindano bure."

Adeline alipangusa uso kwa pindo la kitenge. Kisha akafungua mkoba na kumweleza la kufanya: watoe ombi la kusogeza tarehe, waeleze barabara, yeye mwenyewe atalipigania. Scholastique alikubali bila furaha, kama mtu anayekubali kunywa dawa.

Ombi lilipita, ila kwa shida. Hubert alilitia sahihi mwishoni kabisa pamoja na mengine mengi, kwa sababu nusu ya mji ilikuwa katika hali ile ile. Scholastique aliamka mkekani wiki mbili baadaye, akaanza kuuza makaa rejareja, kisha sombe, majani ya muhogo, kisha makaa tena. Alilipa vipande vidogo vidogo. Barabara ilipofunguka alikuwa amebakiza kidogo, na alimaliza. Lakini alimaliza akiwa amechelewa miezi minne, na kwa système ya Goma, aliyechelewa kiasi hicho anakuwa mwekundu miaka miwili, jaribio au bila jaribio.

Adeline naye hakuchelewa hata siku moja. Hakuweza kuchelewa, pesa zilikatwa kabla hazijamfikia, na yeye na Orly walikula walivyoweza. Mwisho wa mwaka makao makuu yaliandika kusifu tawi, na katika mifano ya wakopaji wema jina lake lilikuwemo.

Siku hiyo aliingia kwa Hubert bila kubisha.

"Shefu, yale majibu hayakuwa ya kwangu. Yalikuwa ya Scholastique wa samaki. Nataka muandike vile, ama muniandikie adhabu, lakini yule mama mumutoe ku rangi nyekundu. Ni yeye mwenye ile tabia munasifu."

Hubert aliweka kalamu chini. Alimtazama kwa huruma, na pia kwa hofu ya mtu anayeona kazi ikija mezani kwake.

"Mama Adeline. Mukopo ililipwa, ao haikulipwa?"

"Ililipwa."

"Kama ililipwa, majibu yalikuwa ya kweli. Goma hawataki kujua zaidi ya pale. Na nikiandika ile kitu, unatoka kazi, miye naenda na weye. Nani atabaki anafaidika? Yeye?"

Adeline alitoka ofisini kwake. Akatafuta namba ya Fanny. Fanny alikuwa amehamishiwa tawi jingine tangu mwezi wa tisa. Adeline alipompigia simu, msichana yule alisema kwa sauti ndogo, "Mama, siye tulipima batu. Barabara hatukuipima." Na hapo mtandao ukakatika, au akauacha ukatike.

Kilichobaki ni mkopo wa kikundi, ule wa zamani ambao mawakala wengi hawakuupenda kwa sababu una mikutano mingi na pesa kidogo. Wanawake watano wanadhaminiana, mashine haiulizwi. Adeline alizunguka Mudzipela na soko la samaki majuma matatu, baada ya saa za kazi, akitafuta wanne watakaokubali kuketi na Scholastique. Wawili walikataa, mmoja kwa sababu ya kabila, mwingine kwa sababu ya uchovu, na huyo wa pili alimwelewa sana. Mwishowe wakapatikana: Émilienne wa mafuta ya mawese, dada wawili wauza nyanya, na mama mmoja wa Kasenyi aliyepanda mlima wakati wa risasi na hakurudi.

Mkutano wa kwanza ulifanyika uani kwa Émilienne, Jumamosi, mvua ikinukia kwa mbali. Walibishana kuhusu jina la kikundi. Dada wa nyanya walitaka jina la Mungu, mama wa Kasenyi alitaka jina la ziwa, Scholastique alisema jina lolote ambalo si refu. Walimuuliza Adeline.

"Muniache," alisema. "Nimechoka. Mukimaliza mutaniambia."

Alivua viatu, akanyoosha miguu juani mbele ya benchi. Émilienne akamletea chai yenye tangawizi katika kikombe cha plastiki. Aliishika kwa mikono yote miwili akiwasikiliza wakipaza sauti, wakikatizana, wakianza upya, na hakuwaharakisha.